Ghala la Mama Adeke

Uvumi ule ulimganda Amoit kama kupe. Aliusikia sokoni Busia, akarudi nao kijijini kwake Mella, akalala nao, akaamka nao: ati watu wa daktari wa serikali wakikuta nafaka iliyooza wanachoma ghala zima, nawe mwaka huo ule majani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba afichaye ugonjwa wake ataumbuliwa na kifo. Lakini nani husikiliza wahenga akiwa na ghala la kuogopea?

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Tufani kutoka upande wa ziwa ilikuwa imeng'oa mapaa ya Mella, mvua ikanyesha ndani ya maghala kutwa kucha. Wimbi, ule ulezi wa uji, likaota ukungu, likageuka jeusi kama masizi. Lilipaswa kutupwa, ila njaa haina adabu. Likaanikwa, likasagwa, likapikwa uji.

Serikali ilikuwa imetenga fedha za kuchunguza maradhi yanayofuata tufani, na jinsi watu wanavyoinuka tena. Zilitosha wilaya moja tu, ile itakayoonekana ina hatari zaidi. Na huko ndiko dawa na chakula kikavu vingepelekwa. Aliyetumwa kuzunguka Mella ni Eriya, msaidizi wa daktari, kijana wa Iyolwa mwenye baiskeli na vikopo vya bati. Kila nyumba ilitakiwa imtilie kikopo kimoja cha unga wake ukapimwe.

Kabla hajafika, Amoit na majirani zake walimvamia Habibah, mchuuzi aliyekuwa na gunia la wimbi kavu kutoka Lumino, ambako tufani haikupita.

"Leo nyote mnataka wimbi langu? Kuna arusi nisiyoalikwa?"

"Tupimie, dada. Maswali weka kesho."

"Haya. Lakini mgeni hulishwa, hadanganywi."

Eriya alifika kwa Amoit jasho likimtiririka. Akaufikicha unga, akaunusa.

"Mama Adeke, huu umetoka ghala lako?"

"La nani tena, mwanangu?"

"Ghala halina paa, na unga mkavu kama vumbi la kiangazi?"

"Mungu ni mwema."

"Mwema kwa nyumba zote! Kila kikopo unga uleule, rangi ileile! Jamani, mimi mtoto wa kuchezewa? Na Adeke yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

Adeke, mwanawe, alikuwa chumbani, hatua chache tu kutoka hapo, tumbo limevimba, macho manjano kama kiini cha yai. Alikuwa ameambiwa asikohoe, na kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu, hakukohoa.

"Mama," Eriya alisema, sauti imechoka, "nani amewaambia nachoma maghala? Mimi hata kiberiti sina!"

Amoit aliutazama mfuko wa shati la Eriya, akaona umetuna, akajiambia: ndicho hicho.

Vikopo vikaenda, jibu likarudi: Mella ni salama, wimbi lake ni safi kabisa. Fedha zikapelekwa wilaya nyingine. Wanawake wakacheka kichinichini, wakasema wamemshinda Mzungu. Kicheko hakijapoa, Adeke akafa.

Waombolezaji hulishwa kutoka ghala la mfiwa. Hiyo ndiyo desturi, nayo haina mlango wa nyuma. Ebong, baba wa marehemu, akafungua ghala mbele ya watu wote. Likamwagika lile jeusi, na harufu yake. Majirani nao walikuwa wameleta vikapu vya rambirambi. Vilipofunuliwa, jeusi tupu. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Eriya, aliyekuja kutoa pole, alisimama kando ya vikapu, kofia mkononi.

"Mama Adeke," alisema, "nilikuuliza. Papa hapa uani, nilikuuliza."

"Lichome sasa, mwanangu," Amoit akamwambia. "Lote. Lichome."

Eriya akageuza mifuko yake nje, mmoja baada ya mwingine. Kitambaa cha jasho, kipande cha muhogo.

"Sina kiberiti, mama."

Basi, mama mwenzangu unayesoma, jiepushe na haya:

Nafaka iliyoota ukungu, hata ukiianika jua la mwezi mzima.
Uvumi wa sokoni usio na mwenyewe.
Kumwonyesha mchunguzi unga wa kuazima.
Kumwambia mtoto mgonjwa asikohoe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.