Aliyekula Mlango wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mtondooni, palikuwa na Sultani Harubu, mtu aliyependa kung'aa kuliko kula. Akaamuru afuliwe mlango wa feleji, chuma bora kuliko vyote, nao uelekee bahari ili wageni wauone tangu mbali. Ngwali, mhunzi aliyeufua, akamwambia, "Seyyidi, upepo huu una chumvi. Tuupake zinki, kutu isije ikaula."

Loo! Waziri Shekuwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Zinki? Mlango wa Sultani uvae nguo ya ndoo? Upakwe dhahabu!" Basi ukapakwa dhahabu, na watu wakaambiwa washangae, nao wakashangaa.

Ikawa siku ya sherehe askari mmoja akaukwaruza kwa mkuki, alama isiyozidi urefu wa kidole. Masika yalipokwisha, Sultani akausukuma mlango wake, mkono ukatokea upande wa pili. Dhahabu iling'aa vilevile, lakini chuma cha ndani kilikuwa kimeliwa chote. Sultani akaapa mbele ya baraza, "Wallahi, aliyekula mlango wangu nitamkata mkono leo hii!"

Waziri hakungoja aulizwe. "Ni huyu Ngwali, Seyyidi. Chuma chake kibovu." Maskini Ngwali akalia kama mtoto, maana mhunzi asiye na mkono atafua nini, na wanawe watakula nini?

Basi akatokea Vuai, fukara wa sokoni, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa kila neno alilichukua kama lilivyosemwa. Alishika kifuu cha nazi kilichojaa unga mwekundu.

"Seyyidi, mla mlango nimemleta. Nimemkwangua mlangoni akiwa bado anatafuna. Mkateni mkono."

Sultani akachungulia. "Hii ni kutu, mpumbavu wee! Mkono wake uko wapi?"

"Hana, bwana wangu. Basi na tumtafute aliyemkaribisha." Vuai akaomba iletwe ndoo ya jikoni, ndoo kuukuu iliyopakwa zinki, ambayo kwa miaka kumi watumishi waliiburuta pwani kuchotea maji ya chumvi. Ikaja imefubaa, imekwaruzwa kila mahali, ina unga mweupe kwenye mikwaruzo. Waziri akageuza uso. Vuai akaifuta kwa kanzu yake, akaipiga ngumi, ikalia ngo! Haikuwa na tundu hata moja.

"Huu unga mweupe, Seyyidi, ni zinki iliyoliwa. Zinki ikikwaruzwa humwambia kutu, nile mimi kwanza, huyu chuma mwache. Dhahabu yeye hakubali kuliwa. Akikwaruzwa husimama pembeni aking'aa, akamwonyesha kutu mlango wa kuingilia: mle huyo."

"Yaani ndoo yangu ina walinzi bora kuliko mimi?"

"Sikusema mimi, Seyyidi. Umesema mwenyewe, nami nimesikia."

Sultani akauma mdomo. "Na dhahabu ilikuwa shauri la nani?"

Macho yote yakamgeukia Waziri. Akaificha mikono ndani ya joho, jasho likimchuruzika. "Mimi nilishauri tu, Seyyidi," akasema kwa kigugumizi. "Aliyeamuru... aliyeamuru ni wewe!"

Kwa kiapo kile, mkono wa kukatwa sasa ulikuwa wa Sultani mwenyewe.

"Umeona, bwana wangu?" akasema Vuai taratibu. "Mkwaruzo mmoja tu, nayo dhahabu yako imesimama pembeni."

Sultani akautazama mkono wake wa kulia, haya zikamjaa usoni. Kisha akacheka, kicheko kichungu cha mtu aliyeumbuka, akamwachilia Ngwali aende kwa wanawe na mikono yake miwili. Kiapo akakitolea kafara kwa kulisha maskini kumi, wa kwanza wao Vuai, aliyekula mpaka akalegeza mshipi. Na kabla hawajagusa chakula, Waziri Shekuwe, akiwa amevuliwa joho, ndiye aliyewanawisha mikono, mmoja mmoja.