Matanga Nyumbani kwa Nungunungu

Paukwa. Pakawa. Basi anayesinzia asogee kwenye moshi, maana hii sirudii.

Hapo kale palikuwa na binti akiitwa Mwasiti. Bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi alipofariki, Mwasiti alimzika kando ya kijito. Masika yakaja, maji yakalimega kaburi. Nungunungu akapita, akaona mfupa wa paja, akaubeba hadi shimoni kwake aunolee meno.

Mwasiti akafuata nyayo. "Nirudishie."

"Sirudishi. Nimeuokota."

Wakaenda kwa Korongo, hakimu wa pori. Huyo Nungunungu mdomo cherehani. "Hakimu, mwizi huiba mali. Muulize, mfupa ni mali yake?"

"Mwasiti, ni mali yako?"

"Si mali yangu, ni bibi yangu."

"Uliununua?"

"Si mali yangu, ni bibi yangu."

"Waweza kuuuza?"

"Si mali yangu, ni bibi yangu." Alijua anajifungia mlango mwenyewe. Lakini angemwitaje mali mtu aliyemlea?

"Basi hakuna wizi," akasema Korongo. Nungunungu akachezesha miiba. Korongo akamgeukia: "Ngoja kwanza. Si mali yake, na yako pia si. Huyu ni marehemu, yuko kwako, na aliye na marehemu ndani ndiye mfiwa. Katandike mikeka. Matanga ni kwako mpaka azikwe."

Wakaja Kanga na watoto wao. "Makiwa, Bwana Nungunungu."

"Tunayo." Akatoa muhogo.

Wakaja Nyani, ukoo mzima. "Makiwa, Bwana Nungunungu."

"Tunayo." Akatoa viazi.

Akaja Tembo, akaukalia mkeka wote peke yake. "Makiwa, Bwana Nungunungu."

"Tunayo," akajibu kwa sauti ndogo, akatoa boga la mwisho.

Mwasiti alikuwa pembeni, nje ya shimo, analia. Nungunungu, njaa inamuuma, akajikunyata karibu naye. "Alikuwa mtu gani?"

"Alikuwa akinipulizia uji mpaka upoe."

Nungunungu akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka ameubeba mfupa kwa mikono miwili. "Mchukue bibi yako, dada."

Akachimba kaburi yeye mwenyewe, juu mlimani maji yasikofika, na kwa kuchimba hana mpinzani. Mwasiti akamlaza bibi yake, moyo ukatulia.

Basi jueni, wanangu: marehemu hana mwenye kummiliki, ana watu wa kumzika. Mimi matangani nilikuwepo, ila lile boga Tembo alishalimaliza. Ngano imelala, nasi tukalale.