Uwanja Ulioinama

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira, na timu yake ilikuwa na uwanja ulioinama. Jina lake Gwamaka. Alikaa huko kwenye milima ya chai, ambako ukitafuta ardhi tambarare ya kujengea hata banda la kuku utazunguka mpaka uchoke. Uwanja waliuchonga wenyewe kwa majembe ubavuni mwa kilima, na walipofika kwenye mwamba wakaacha, wakasema inatosha. Basi goli la juu lilikuwa juu kweli, na la chini lilikuwa chini kweli, na mpira ukiwekwa katikati ulianza safari wenyewe bila kuguswa. Watu walilizoea jambo hilo hata wakaacha kulizungumza, kama mtu asivyozungumzia pua yake.

Sasa angalieni walivyocheza. Wenyeji walipenda kuanza kwa kutelemka, ili wapate bao mapema wageni wakiwa bado wanashangaa. Wageni nao walipenda kutelemka kipindi cha pili, miguu ikishachoka. Kwa hiyo kura haikuleta ugomvi hata siku moja. Kila upande ulipata ulichotaka, na mwamuzi akarudisha shilingi yake mfukoni.

Kipindi cha kwanza Gwamaka aliwapanga wakubwa, wale walioipandisha timu daraja. Mbele alimweka Andengenye, mshambuliaji wa miaka thelathini na minne, mwenye kitambi kidogo na shuti la kutisha. Wakubwa walitelemka, wakafunga bao moja, pengine mawili, watu wakaimba. Ikifika mapumziko walikuwa hoi, wamejitupa kwenye nyasi wanaomba maji. Hapo ndipo Gwamaka alipowageukia vijana watatu waliokuwa wakisugua benchi, akawaambia, "Haya, vueni masweta. Zamu yenu." Vijana wakaingia na kupanda. Saa hizo mvua ya milimani ilikuwa imeshafika, maana huko alasiri haipiti bila mvua, na udongo ulikuwa tope tupu. Waliupeleka mpira juu, mpira ukarudi chini. Wakaukimbilia, wakaupeleka tena. Na watu walipokuwa wakirudi nyumbani walisema: wakubwa wametufungia, hawa watoto nusura watuangushe.

Msidhani Gwamaka alikuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya, nisingekuwa na haja ya kuwasimulia habari zake. Mmoja wa vijana wale, Tuntufye, mtoto wa mjane, alimtoa yeye mwenyewe kwenye mashamba ya chai akiwa na miaka kumi na saba. Alimwona siku moja akipiga chenga na mpira wa makaratasi kati ya mistari ya chai, kwa mguu wa kushoto, kikapu kikiwa bado mgongoni, akasema moyoni, huyu ni mchezaji. Akamnunulia njumu. Mvua zilipozidi alimlaza nyumbani kwake, na mkewe akampa chakula sahani moja na watoto wake. Alimpenda, ila alitaka kuwa mtu wa haki, na haki aliyoijua ilikuwa kutazama nani amefunga na nani hakufunga. Misimu miwili Tuntufye alikuwa ameingia mara ishirini na moja, zote hapo nyumbani kwa kuwa nauli ya ugenini iliwatosha wakubwa tu, na bao hana. Lugano na Ipyana, wenzake wa benchi, nao hawana. Andengenye alikuwa na mabao kumi na tisa. "Nafasi haiombwi," Gwamaka alizoea kuwaambia. "Onyesha, nami nitakupa." Watu waliyaona hayo kuwa maneno ya mtu mwenye akili, na yeye mwenyewe aliyaona hivyo hivyo.

Ikafika katikati ya msimu, na timu iko ukingoni mwa kushuka daraja. Dirisha dogo la usajili likafunguliwa. Kule mjini kulikuwa na mshambuliaji mtu mzima aliyekuwa tayari kuja, lakini fomu ya majina ya wachezaji ilikuwa imejaa, na ili jina moja liingie ilipasa lingine litoke. Kwa kijana wa milimani, kutoka kwenye fomu ile ilikuwa ndiyo kwaheri ya mpira. Angerudi kwenye kikapu cha chai, na huko angezeekea. Gwamaka alilijua hilo, na siku tatu aliiacha fomu mezani bila kuigusa.

Siku ya nne alimwita Tuntufye barazani kwake baada ya mazoezi. Kijana akaamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaketi, ameshika njumu zake kwa kamba. Gwamaka hakuzunguka sana. Alimwambia mambo ya timu, ya fomu, na ya yule mtu wa mjini. Akamwambia, "Mwanangu, nimekuvumilia. Mara ishirini na moja nimekuingiza. Wewe mwenyewe unaona."

Tuntufye akazitazama njumu zake. Kisha akasema, "Naona, mwalimu. Naomba kipindi cha kwanza kimoja tu."

Lo! Maneno yale yalimchoma Gwamaka. Alisikia kiburi ndani yake. Huyu hajatikisa nyavu hata mara moja, anataka aanze yeye, Andengenye akae amsubiri! Vijana wa siku hizi! Hakumgombeza, maana hakuwa mtu wa kugombeza. Alimwambia tu kwamba mambo hayaendi hivyo, akamwachia zile njumu ziwe zake, akamwombea heri. Kijana akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake.

Kesho yake Gwamaka alichukua fomu kuipeleka ofisini, akakatiza uwanjani. Aliingilia kwenye goli la chini akatokea kwenye goli la juu. Alipofika juu alikuwa anahema, ikambidi aketi juu ya jiwe apumzike. "Uzee huu nao," akasema. Akajifuta jasho, akainuka, akaipeleka fomu.

Kumbe Tuntufye hakurudi kwenye chai. Timu moja ya bondeni, ya wakulima wa mpunga, ilikuwa imepungukiwa watu, ikamchukua kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Na mpangilio wa mechi ukawa hivi, kwamba timu hiyo ndiyo itakayopanda milimani siku ya mwisho wa msimu. Gwamaka alihitaji sare tu. Akipata sare anabaki, akifungwa anashuka.

Siku hiyo kilima kizima kilijaa watu. Kura ikapigwa kama ilivyozoeleka: wenyeji wakaanza kwa kutelemka, na wageni wakaanza kwa kupanda. Tuntufye alianza mechi upande wa wageni, na watu walipomtambua wakaanza kumtania. Akipokea mpira anasogea hatua tatu, unamponyoka. Akipiga shuti, linafia njiani. Akateleza akaanguka kifudifudi, na mama mmoja muuza mahindi akapiga kelele, "Jamani, mwokoteni huyo mtoto wenu!" Watu wakacheka sana. Yule mtu wa mjini akafunga bao moja zuri. Gwamaka, niwaambieni ukweli, alifurahi mara mbili. Alilifurahia lile bao, kisha akafurahi kimoyomoyo kumwona Tuntufye bado ni yule yule. Sikukosea, alijiambia. Alikuwa ameibeba kesi ya kijana yule kifuani tangu siku ile barazani, na sasa akapumua.

Mapumziko yakaisha, timu zikabadilishana magoli. Gwamaka akawaingiza Lugano na Ipyana wapande, kama kawaida yao. Mvua ikashuka, nayo kama kawaida yake.

Dakika ya tano Tuntufye akapewa mpira katikati ya uwanja. Akageuka, na mara hii mbele yake kulikuwa kunashuka. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili, mpira unakimbia naye, haumponyoki. Wa tatu alimwacha ameketi kwenye tope. Akapiga kwa mguu wa kushoto, kipa hakuona hata ulikopitia. Yule muuza mahindi akayasahau mahindi yake motoni. Kabla watu hawajamaliza kuulizana, akafunga la pili kwa kichwa. Huku chini Lugano na Ipyana wanausukuma mpira kwenda juu, unarudi, wanausukuma, unarudi.

Gwamaka alisimama kando ya mstari, maji ya mvua yakimtiririka usoni, asiyafute. Nusu saa tu iliyopita alikuwa amemcheka moyoni kijana yule yule, mwenye miguu ile ile, kwenye uwanja ule ule. Hakuna mtu aliyemfundisha kitu wakati wa mapumziko. Kilichobadilika kilikuwa ni upande tu. Akageuza shingo polepole akatazama goli la juu, halafu la chini, kisha akamtazama Ipyana aliyekuwa ameinama ameshika magoti. Miaka tisa alikuwa mwalimu wa timu ile, na siku zote alikaa katikati, kwenye benchi, mahali ambapo uwanja wote unaonekana uko sawa. Aliona aibu, aibu kubwa, iliyompanda mpaka masikioni.

Filimbi ikapulizwa. Mbili kwa moja. Timu imeshuka daraja, na watu wanaondoka bila kuagana. Tuntufye hakwenda kushangilia na wenzake kwanza. Alivuka uwanja mpaka kwenye benchi, akainama, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema Gwamaka. Akamshika bega. "Umekua, mwanangu. Umekua sana."

Kijana akamtazama bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Gwamaka kuliko kushuka daraja.

"Sijakua, mwalimu," akasema. "Leo nimetelemka."

Basi nawauliza ninyi mlio na watu chini yenu, mashambani, madarasani, hata humu kanisani: yule mliyemwandika kuwa hawezi, mlimpima akielekea upande gani?