Ng'ombe Aliyekunywa Bila Kumeza

Wapendwa, zimeni simu zenu kidogo. Mfano wa leo wenyewe ni wa simu, kwa hiyo hamtakosa kitu.

Alikuwepo mpiga picha mmoja katika mji mdogo wa mnada, huko nyanda kavu ambako watu huhesabu miaka kwa mvua. Alikuwa na kibanda cha bati, pazia la bluu la kupigia picha za paspoti, kiti kimoja cha plastiki na kioo cha kuchania nywele. Kamera yake ya kwanza alinunuliwa na mjomba wake, mfugaji asiyejua kusoma wala kuandika. Mjomba aliuza dume la kundi, dume zuri, akamwambia, "Mpwa wangu, mimi macho yangu yanaona ng'ombe tu. Wewe ukawe na macho ya kuona mbali." Likumbukeni dume hilo.

Basi kazi ya paspoti ikafa. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Watu wakawa wanapita mbele ya kibanda wanajipiga wenyewe, na wengine wanakiegemea kabisa ili picha zao zitoke vizuri! Yule bwana akaumia. Lakini hakuwa mjinga. Akajifunza jambo jipya: kuchukua picha iliyotulia na kuitia mwendo.

Mnazijua picha hizo, msijifanye. Picha ya maporomoko, mara maji yanashuka. Picha ya bibi harusi, mara shela linapepea. Kazi yenyewe haihitaji digrii. Unafungua picha kwenye simu, unachora mishale midogo kwa kidole: maji yaende huku, mawingu yaende kule. Kisha unapiga vidoti kuzunguka kila kitu usichotaka kisogee, mti, jiwe, uso wa mtu, maana usipokifunga nacho kitavutwa na maji. Unabonyeza, picha inaamka. Ni sekunde chache tu zinazojirudia, lakini jicho halichoki. Aliweka ya kwanza mtandaoni, watu mia wakaipenda. Ya pili, elfu. Akaanza kula huku simu iko kando ya sahani kama mboga.

Mpaka hapo sioni kosa, tuelewane. Shela la bibi harusi likipepea, nani kaumia?

Kikaja kiangazi. Vuli ilikuwa imekataa, masika nayo yakakataa. Sasa, nchi ile ina desturi yake ya zamani: boma halihami mpaka limetanguliza macho. Wanachaguliwa vijana wawili wenye miguu, wanakwenda kulitazama lambo la maji na malisho yake, wanarudi na ushahidi: konzi ya majani, na tope la ukingoni lililofungwa fundo kwenye ncha ya shuka. Wazee hawaulizi, "Mmeona nini?" Wanauliza, "Tope liko wapi?" Wanalishika, wanalinusa, wanalikamua. Likitoa maji, watu wanahama. Likiwa kavu, hata uape kwa kaburi la babu yako, hakuna atakayenyanyua fimbo.

Siku moja mpiga picha alikuwa anapekua picha zake za zamani, akakuta picha ya lambo la kaskazini, mwendo wa siku nne kutoka kwa mjomba wake. Aliipiga miaka mitatu nyuma, mwaka wa mvua nyingi. Lambo limejaa mpaka ukingoni, majani yamefika magotini, na pale mbele ng'ombe mmoja mwekundu ameinama anakunywa. Akachora mishale, maji yakaanza kucheza. Akachora mingine, majani yakayumba. Ng'ombe akampigia vidoti kuanzia pembe hadi mkia, asije akavutwa. Juu akaandika maneno mawili: "Neema ipo." Hakuandika mwaka. Akaiachia.

Hiyo ndiyo iliyowaka kuliko zote. Watu wenye kiu hupenda sana kutazama maji. Ikatumwa kundi hadi kundi, simu hadi simu, mpaka ikafika kwenye simu ya kijana mmoja wa boma la mjomba.

Boma zima likaizunguka, wakalitambua lambo la kaskazini. Ingekuwa picha iliyotulia, wangeuliza wanavyouliza siku zote: hii ya lini? Picha iliyotulia ni ya jana, hata mtoto anajua. Lakini haya yalikuwa yanatembea! Wakasema, maji yanayotembea ni ya leo. Vijana wa kutanguliza walikuwa wameshafunga viatu, wakaambiwa wavue. Macho yameshakwenda na yamesharudi, miguu ichoshwe ya nini?

Mke wa mjomba peke yake aliishika ile simu akaitazama kwa muda mrefu.

"Ng'ombe gani huyu," akasema, "anakunywa hamezi?"

"Umeanza," mumewe akamwambia.

"Tazama koo. Maji yanakwenda, majani yanakwenda, koo limekufa. Na malisho yote hayo hayana hata inzi mmoja wa kumpigisha mkia?"

Vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mama, ulitaka akupungie mkono?"

Mjomba hakucheka. Alimjua mkewe. Akasema, "Vijana wamenisomea jina, aliyeitoa ni mpwa wangu. Nitamuuliza mwenyewe."

Sikilizeni sana hapa, maana mfano wote umesimama hapa.

Simu iliita kibandani. Mpiga picha aliona jina la mjomba limejitokeza juu ya ile hesabu ya watu walioipenda picha, likaifunika, na hesabu ilikuwa bado inapanda. Akapokea shingo upande.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeyaona maji yako. Ni ya leo?"

Ndugu zangu, kuna swali rahisi kuliko hilo? Jibu lake ni neno moja. Neno lenyewe lilishafika ulimini, alilisikia kabisa linavyogonga meno. Lakini akawaza: nikisema hapana, boma zima litasikia, na kesho mtu ataandika chini ya picha yangu "tapeli huyu". Akawaza tena: mjomba ni mtu mzima, hawezi kuhama bila kutanguliza watu. Tope watalikuta kavu, watarudi, basi. Akakohoa.

"Mjomba, si umeyaona mwenyewe?"

"Nimeyaona. Yanatembea."

"Basi."

"Haya. Mungu akuzidishie. Macho niliyokununulia yameanza kuniona na mimi."

Simu ikakatika.

Je, alidanganya? Nawauliza. Neno la uongo lilikuwa lipi? Lambo lipo kweli. Maji yalikuwepo kweli, mwaka ule. Mjomba kweli aliyaona mwenyewe. Ukilipeleka jibu lile mahakamani utashindwa kesi. Shetani mwenyewe angelitia saini bila kubadilisha herufi.

Siku ya kwanza mpiga picha hakula vizuri. Siku ya pili alifungua simu ampigie mjomba, akakuta watu wameandika chini ya picha, "Mungu wetu ni mwema," akaanza kuwajibu mmoja mmoja mpaka akasahau alichofungulia. Siku ya tatu alipiga kweli. Mwanamke yule wa kwenye mtandao akamwambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Mjomba alikuwa porini, kundi lote liko mbele yake.

Na njiani, wapendwa, walipita njia panda ya visima vya bonde. Visima vile vilikuwa na maji. Machache, ya kuteka kwa zamu na kupanga foleni kutwa nzima, lakini maji. Wakavipita. Nani atapanga foleni ya ndoo wakati mbele yake kuna lambo limejaa? Siku ya nne wakafika.

Sitawasimulia walichokikuta. Semeni tu nyufa za kuzamisha mkono. Semeni ng'ombe wanasimama katikati ya lambo, wanalamba ardhi, wanawatazama wenye nao. Kundi lililotoka bomani lilikuwa la kufunga barabara, magari yanasubiri. Lililorudi mngeweza kuliingiza ndani ya kanisa hili, na nyinyi mkabaki mmekaa.

Mjomba alikuja kibandani mchana, siku ya mnada. Mpiga picha alikuwa anapepeza nywele za mteja kwenye simu. Kivuli kikaziba mlango. Aliijua fimbo kabla ya kumjua mwenye fimbo, maana uso ulikuwa umeisha. Mteja naye alipouona uso ule, akaaga.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akaingia, akasimama mbele ya meza.

Nyinyi ni watu wazima, mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Inabaki hewani, huwezi kuirudisha mdomoni.

"Mjomba, mimi sikusema kwamba..."

"Najua hukusema."

Mzee akaishika ncha ya shuka lake, palipokuwa na fundo. Akalifungua taratibu. Akatoa pande la udongo, kavu, limepasuka kama kisigino cha maskini, akaliweka mezani kando ya simu.

"Tope la lambo lako hilo," akasema. "Lilitakiwa litutangulie, likachelewa."

Kisha akavuta kile kiti cha plastiki, akaketi, fimbo katikati ya magoti.

"Sasa, wewe si fundi? Lichoree mishale. Litembeze. Nimekaa, nasubiri."

Mfano umeisha. Msinitazame hivyo, umeisha. Mjomba bado amekaa.

Nawaona wazee mnavyotikisa vichwa na kuwageukia vijana. Mnasema mioyoni, leo wamepatikana, wao na simu zao. Geuzeni vichwa hivyo viangalie mbele! Mpiga picha ni sisi.

Tulikuwa na mwaka wa mvua, sisi. Iko siku tulisali tukalia kweli. Iko siku tuligawana unga na jirani tusiyemjua kabila. Tukapiga picha. Lambo likakauka, picha ikabaki, na kila Jumapili tunaitoa ile ile tunaichorea mishale: mikono juu, sauti itetemeke hapa, machozi yashuke pale yaliposhuka mwaka ule. Sekunde chache zinazojirudia. Na yale tusiyotaka yasogee tumeyapigia vidoti vizuri kabisa. Kinyongo na shemeji, kidoti. Kiwanja cha mjane, kidoti, kidoti, kidoti. Wimbo unatiririka, maombi yanatiririka, na hayo hayatikisiki. Tunakunywa Neno kila wiki, tumeinama vizuri, pembe mpaka mkia. Nani kati yetu amemeza?

Na hatusemi uongo! Sisi ni watu wa kweli. Tukiulizwa, "Kwenu kuna maji?" tunajibu, "Si mnatuona?"

Jumapili iliyopita aliingia hapa mama mmoja mwenye kanga nyeusi. Alifiwa na mumewe, ndivyo alivyoandika kwenye kikaratasi alichokiacha katika kapu la sadaka. Alikaa benchi la nyuma kabisa. Alikuja, kinasema kikaratasi, kwa sababu aliuona ukurasa wetu mtandaoni: kwaya yetu, na mishumaa ya madhabahuni inawaka, mwali unacheza. Mwali ule umechorwa na kijana wetu mwenye kipaji, tukampigia makofi, mimi wa kwanza. Mishumaa yenyewe tuliizima mwaka juzi. Mama yule alipita makanisa mangapi kuja hapa? Na nani alimsalimia? Nyosha mkono uliyemsalimia, nikuone.

Mikono yangu nayo iko chini.

Basi tutubu kwa jambo moja dogo, tusijipambe na makubwa. Mtu akituuliza, "Ni ya leo?" tujibu. Kama ni ya leo, tumwambie njoo. Kama ni ya mwaka ule, tumwambie ni ya mwaka ule, avione visima vya bonde, apange foleni, aishi. Kusema "hapa kwetu pamekauka" kunaaibisha, kweli. Lakini aibu hiyo haijawahi kuua ng'ombe wa mtu. Kilichoua ni lile "si umeyaona mwenyewe".

Mama yule leo hajaja. Geukeni mlitazame benchi lake. Sijui yuko njiani kwenda wapi, wala hakuna humu mwenye namba yake tumpigie.

Simameni tuombe. Na maneno ya mwaka ule tuyaache nje. Tuombe kwa haya makavu tuliyo nayo leo.