Jibu la Nakijwa

Mkulima mmoja wa milimani alikuwa na binti mmoja na mashamba mawili. Shamba la kwanza lilikuwa karibu na bwawa la maji, la pili lilikuwa chini kabisa, mwisho wa mfereji. Mkulima huyo aliitwa Mbonea. Binti aliitwa Nakijwa, na alikuwa darasa la nne.

Nakijwa alikuwa mtoto mtaratibu. Ukimtuma chumvi dukani, utamkuta njiani amesimama anatazama siafu. Darasani wenzake walikuwa wanafunga madaftari, yeye anaandika tarehe. Hakuwa mtundu wala mkaidi. Macho yake yalikuwa dirishani, na ukimwita jina aliitika kama mtu aliyeamshwa. Mwalimu Kiondo, aliyekuwa na watoto hamsini na sita katika chumba kimoja, alimuuliza maswali na hakupata kitu. Baada ya muda akaacha kumuuliza. Kwenye ripoti aliandika neno moja: mvivu.

Mbonea alisoma neno lile akaona aibu. Alijaribu kumharakisha kwa kelele, na kelele zilimfanya mtoto azidi kuganda. Alijaribu fimbo, akajichukia. Mwishowe akasema shule imemshinda, bora akae shambani ajifunze jembe. Nakijwa hakubishana. Alikunja sketi yake ya shule akaiweka chini ya mto, na jioni ile hakula.

Jumanne ilikuwa zamu yao ya maji. Mbonea alifungua mfereji asubuhi, akaegemea jembe lake. Shamba la juu lilipata maji mara moja. La chini lilihitaji karibu saa nzima, kwa kuwa mfereji ulikuwa mrefu na udongo wa njiani nao ulikunywa. Mbonea hakuwa na haraka. Alikaa kwenye tuta akipiga mluzi. Kisha, kwa mazungumzo tu, akamuuliza binti yake: "Maji yanarudi kwetu kila baada ya siku sita. Zamu ya tatu kutoka leo itakuwa siku gani?"

Nakijwa alinyamaza. Mbonea alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka kufuata mfereji. Mtoto alimfuata nyuma. Walipita migomba, wakavuka kijito, wakatoa majani yaliyoziba njia. Walipofika chini, maji nayo ndiyo kwanza yanaingia kwenye maharage.

"Jumamosi," Nakijwa akasema.

"Jumamosi kuna nini?"

"Zamu ya tatu. Na ndiyo siku ya harusi ya shangazi, kwa hiyo itabidi tubadilishane na mtu."

Mbonea akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Ilikuwa Jumamosi kweli, na habari ya harusi hata haikuwa imempitia akilini.

"Kwa nini hukunijibu kule juu?"

"Nilikuwa nakujibu, baba. Wewe ulishaondoka."

Mbonea aliketi kwenye maharage yaliyolowa, akacheka mpaka Nakijwa naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Halafu kicheko kikamwishia mzee, maana alikuwa anatazama maji yakiingia shambani taratibu, na alikumbuka kwamba tangu anunue shamba lile hajawahi hata siku moja kuliita vivu.

Alikwenda shuleni na matope yake miguuni. Mwalimu Kiondo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ukweli: "Mzee Mbonea, nina watoto hamsini na sita. Siwezi kulisimamisha darasa zima." Wakakaa wakafikiri pamoja, na walichokipata kilikuwa kidogo. Nakijwa angekaa mbele, mbali na dirisha. Angepewa swali moja moja, wala si kumi kwa mpigo. Swali la asubuhi angelijibu wakati wa uji.

Siku ya kwanza aliulizwa maswali manne, akajibu matatu sawasawa. La nne alilikosa kama mtoto yeyote. Kisha, siku ya pili, katikati ya somo la kuimba, akanyoosha mkono na kujibu swali ambalo darasa zima lilishindwa jana yake. Watoto walicheka sana, na mwalimu akacheka kuliko wote, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi.

Nakijwa hajawa mwepesi. Juzi amerudi nyumbani na kiatu kimoja. Lakini mwaka ulipoisha alikuwa wa ishirini na tisa, na baba yake alichinja jogoo ambaye watu walidhani ni wa mtoto aliyeshika namba moja.

Ninyi mlioacha kazi zenu mkaja kunisikiliza, nawauliza hili moja: mtoto wako alipochelewa kukujibu, ulimsubiri kwa muda gani kabla hujamwita mjinga?