Ubeti wa Suruali ya Dewey

Hapo zamani, wala si zamani sana maana wenyewe bado wako hai na bado wananuniana, wasichana wawili weusi walitiwa jela katika mji mmoja mdogo wa pamba kusini mwa Marekani. Kosa lao ni kwenda kudai haki ya kupiga kura. Mmoja aliitwa Ozella, mwoga, kichwa kimejaa maneno. Wa pili aliitwa Verlene, na sauti yake ilitikisa vikombe kabatini.

Mlinzi wao alikuwa kijana mweupe, Dewey. Kufuli la chumba chao lilikuwa bovu, basi Dewey akavua mkanda wake akaufungia mlango. Kutwa nzima akawa analinda sheria za nchi, mkono mmoja umeshika bunduki, wa pili umeshika suruali.

Ozella angejizuiaje? Akatunga wimbo wa uhuru wenye beti tatu: wa kwanza wa kura, wa pili wa Mungu, wa tatu wa suruali. Lakini kuuimba aliogopa. Mama yake alikuwa mpishi nyumbani kwa mkuu wa polisi, angefukuzwa kazi. Akamnong'oneza Verlene sikioni, Verlene akaupaaza. Jela nzima ikaitikia, ikacheka, ikaitikia tena.

Dewey akaja, uso mwekundu. "Nani katunga upuuzi huu?"

Ozella akatazama sakafu.

"Mimi," akasema Verlene.

Dewey akamnyang'anya godoro, Verlene akalala juu ya vyuma vya kitanda siku kumi na moja.

Walipotoka, mchungaji wa wakati ule aliupenda wimbo, ila akasema suruali haiingii madhabahuni. Kanisa likaimba beti mbili kwa miaka hamsini. Wa tatu ukasahaulika, hata Ozella mwenyewe ukamtoka. Na ile "mimi" ya jela, Verlene hakuifuta. Kila mgeni aliyeuliza mtunzi ni nani alijibiwa "mimi", na Ozella, benchi la nyuma, aliumia moyoni akanyamaza.

Ikaja sherehe ya miaka hamsini tangu jela ile. Mchungaji mpya, aliyesikia kwamba zamani ulikuwa na beti tatu, akataka wimbo uimbwe wote. Sasa, kanisani kwao wimbo una mwanzishaji mmoja tu. Yeye hutoa mstari, watu wakaufuata. Asichokijua yeye hakiimbwi. Ozella hakuwahi kuanzisha wimbo maisha yake yote, na huu aliutamani kuliko kitu chochote.

Siku tatu kabla ya sherehe, akiwa dukani anachagua miche ya nyanya, akamsikia mzee mmoja mweupe akiimba chini kwa chini. Dewey! Na ubeti wa suruali! Alipomwona Ozella, mzee akafunga mdomo.

"Bwana Dewey, nipe ubeti wangu."

"Wako? Kumbe ni wewe!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, wimbo wako umepanga chumba kichwani mwangu miaka hamsini. Marehemu mke wangu alinihamisha chumba kwa sababu ya kuuimba usiku. Siutoi dukani. Nitautoa kanisani, kwa mdomo wangu, mbele ya wote niliowafungia. Niacheni niuanzishe mimi, mnicheke tena."

Jumapili ikafika, wakasimama wote watatu.

"Nimeutunga mimi," akasema Ozella, mara yake ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya watu. "Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Mama hayupo tena."

"Umeutunga, dada, sikatai," akasema Verlene. "Lakini godoro lililochukuliwa lilikuwa la nani? Mgongo huu unaouma kila mvua ikinyesha ni wa nani? Ningenyamaza na mimi, nani angeujua wimbo wako?"

Dewey akavua kofia. "Godoro nililichukua mimi, na ninaona aibu. Lakini bila mimi, leo mtaimba beti mbili, na nikifa wa tatu nazikwa nao."

Mchungaji akafuta jasho. Kanisa zima likakaa midomo wazi, likingoja mstari wa kwanza, na Ozella akaanza kulia kabla hata hajaambiwa lolote.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimemaliza yangu. Amueni nyinyi, na mkishaamua, nyinyi ndio mtakaowaambia wawili waliobaki wakae chini. Je, nani alistahili kuuanzisha wimbo?