Kwa Nini Watoto wa Milimani Huulizwa Mbingu Kabla ya Uji

Zamani zile, huko milima ya Upare, hakuna aliyethubutu kutaja mvua. Wazee walishikilia kwamba wingu ukilitaja linaona haya, linakwenda kunyesha kwa wengine. Basi likitokea, watu walibinua midomo kuelekea upande linakotoka, kisha wakaanua vitu vyao kimyakimya.

Namkunda alikuwa na binti, Nakijwa, aliyefika umri wa kuchunga mbuzi bila kutamka hata "mama". Uchungu ukamfanya Namkunda avunje mwiko. Kila alfajiri alimketisha kizingitini, kata ya uji mkononi, akamsimulia mbingu: huu ni ukungu, umelala bondeni, haya ni manyunyu, hayalowanishi hata kuku, lile wingu lenye tumbo jeupe limebeba mvua ya mawe. Kisha akangoja. Asubuhi moja mtoto akanong'ona, "Manyunyu." Namkunda akalia hadi machozi yakaingia kwenye uji.

Habari zikamfikia jirani yao Nanzia, na ukimwambia Nanzia umeuambia mlima mzima. Akapita nyumba kwa nyumba akisema mvua ikikosekana, mjue nani kaifukuza. Wazee wakakata shauri: ikikosekana kweli, Namkunda na mwanawe wahame.

Siku ya kuanika mbegu za ulezi, ukungu ukafunika uwanja, mtu haoni mkono wake. Kule juu kileleni, watoto wachungaji wakaliona wingu linakuja. Wakabinua midomo kwa nguvu zao zote, maskini, na huku chini nani aione?

Ndipo sauti ikashuka mlimani.

"Mama! Wingu lenye tumbo jeupe! Limeshavuka mto!"

Namkunda akapiga magoti, akaanza kuzoa.

"Huyo ni wangu," alisema. "Anueni."

Wakaanua, Nanzia akiwa mbele. Mawe yalipoanza kupiga, hapakuwa na punje uwanjani. Na lile wingu lililotajwa kwa sauti kubwa vile halikuona haya hata kidogo. Lilinyesha mpaka jioni.

Na tangu siku hiyo, mtoto wa milimani haonji uji mpaka asimame kizingitini aseme mbingu ikoje. Akisema "mawingu" tu, huulizwa ni yapi, na yanatoka wapi. Wa kwanza kusimamishwa alikuwa mtoto wa Nanzia. Kubinua midomo nako hakukutupwa: kulibakizwa kwa kumwonyesha mtu tunayemsema, pale anapopita.